Jinsi ya kupanga nyimbo za roki za zamani na mpya katika kipindi cha redio

Kila anayeanza kipindi cha roki huja na maswali yaleyale. Niweke za zamani ngapi na mpya ngapi? Nifungue na upi? Mbona nikitoka kwenye wimbo wa 1972 kwenda wa 2023 inasikika kama mtu amebadilisha stesheni? Maswali hayabadiliki, awe anayeuliza yuko redio ya jamii Kisumu, redio ya chuo Dar es Salaam, au anarusha kipindi cha intaneti kutoka chumbani kwake Minneapolis. Basi nimeyaweka majibu hapa kwa hatua, ili ukimaliza kusoma uweze kukaa chini na kupanga saa moja ya kipindi chako cha wiki hii.

Kabla ya yote, ondoa wazo moja kichwani: usipange nyimbo kwa miaka. Mwaka ni habari nzuri ya kumpa msikilizaji, lakini hauwezi kukupangia kipindi. Kinachopanga ni mambo mawili: kama msikilizaji anaujua wimbo au haujui, na jinsi wimbo unavyosikika pale unapokutana na jirani yake. Ukiyashika hayo mawili, wimbo wa 1968 na wa 2021 vitakaa pamoja bila ugomvi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Maktaba ndogo unayoijua vizuri. Nyimbo 150 zinatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo, mradi kila mmoja umeusikiliza kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Mwenye nyimbo 5,000 asizozijua ataumbuka hewani.
- Mafaili yenye ubora: FLAC, WAV, au MP3 ya kbps 320. Usichukue sauti kutoka kwenye video. Video nyingi zina maongezi mwanzoni, au wimbo umekatwa katikati, na utagundua ukiwa tayari hewani.
- Programu ya kurushia. Mixxx na RadioDJ ni za bure, na anayetumia Linux ana Rivendell. Yoyote unayoiweza inatosha. Ongeza Audacity kwa ajili ya kupima na kusawazisha sauti.
- Hedifoni nzuri na spika moja mbovu. Spika ya simu yako inafaa. Hiyo ndiyo wasikilizaji wengi wanayotumia.
- Jedwali kwenye kompyuta, au daftari.
- Ratiba ya saa yako: taarifa ya habari inaingia dakika ya ngapi, matangazo mara ngapi na kwa urefu gani. Mwulize fundi mitambo au meneja wa vipindi, usikisie.
- Uhakika kwamba stesheni ina leseni ya kupiga muziki. Kwa walio Marekani wanaorusha kwa intaneti chini ya leseni ya kisheria (ile inayotolewa na sheria yenyewe, bila kumwomba kila mwenye wimbo), kuna masharti yanayogusa mpangilio wenyewe: ndani ya saa 3 huruhusiwi kupiga zaidi ya nyimbo 3 za albamu moja wala zaidi ya 2 mfululizo, msanii mmoja asizidi nyimbo 4 wala 3 mfululizo, na usitangaze orodha yako mapema.

Hatua ya 1: Gawa maktaba mafungu matatu

Fungu la kwanza ni nyimbo zinazojulikana. La pili ni nyimbo za zamani zisizojulikana. La tatu ni mpya, yaani zilizotoka ndani ya miezi 18 hivi iliyopita.

Fungu la pili ndilo wanaoanza wanalolisahau. Wanadhani kila cha zamani kinajulikana, kisha wanapiga wimbo wa bendi ya Zambia ya 1975 na kushangaa simu zimenyamaza. Kwa msikilizaji asiyewahi kuusikia, wimbo huo ni mpya kama uliotoka jana, na unahitaji kutunzwa vilevile.

Jiulize pia: unajulikana na nani? Vijana wengi wa Nairobi waliokua wakisikiliza roki redioni miaka ya 2000 walilelewa na Linkin Park, Evanescence na Nickelback. Kwao "In the End" wa Linkin Park ndio wimbo wa zamani unaoimbwa na chumba kizima, na Led Zeppelin ni jina walilolisikia baadaye. Hadhira ya wazee wa miaka 60 itakuwa na orodha nyingine kabisa. Usinakili orodha ya "nyimbo 100 bora za roki" kutoka gazeti la Uingereza ukaiita yako. Ongea na watu kumi wanaosikiliza stesheni yako, uwatajie nyimbo, uone nyuso zao.

Kuna nyimbo zitakazokusumbua kuziweka. "Running Up That Hill" wa Kate Bush ni wa 1985, lakini mwaka 2022 ulishika namba moja Uingereza baada ya kutumika kwenye tamthilia ya televisheni, na leo watoto wa sekondari wanaujua kuliko wazazi wao. Uweke fungu la kwanza bila wasiwasi. "Now and Then" wa The Beatles ulitoka Novemba 2023, ila sauti ya John Lennon iliyomo humo ni ya kaseti ya miaka ya 1970. Huo nauweka popote ninapohitaji daraja, kwa sababu kweli ni wa pande zote mbili.

Hatua ya 2: Andikia kila wimbo kadi yake

Kwenye jedwali, kila wimbo uwe na mstari wenye mambo haya: msanii, mwaka, urefu, sekunde kabla ya sauti ya mwimbaji kuingia, jinsi unavyoisha (unakatika au unafifia), mapigo kwa dakika, ukali kuanzia 1 hadi 5, na kama una matusi.

Safu muhimu kuliko zote ni ya sekunde kabla ya mwimbaji na ya mwisho wa wimbo. Tazama mifano mitatu:

"Hotel California" wa Eagles una karibu sekunde 50 za gitaa kabla mtu hajafungua mdomo. Hapo unaweza kusalimia, kutaja jina la stesheni na kusoma ujumbe wa msikilizaji, na bado ukabaki na nafasi. "Bohemian Rhapsody" wa Queen unaanza na sauti za watu papo hapo, kwa hiyo huna hata sekunde moja ya kuongea juu yake. Maliza maneno yako, nyamaza, ndipo uubonyeze. Tena una dakika 5 na sekunde 55, na unaisha polepole kwa utulivu, kwa hiyo ukiufuatisha na kelele ya ghafla utamrusha mtu kitini. "Paranoid" wa Black Sabbath hauzidi dakika 3, unaingia kwa gitaa la kasi, na unafaa sana pale saa inapokubana.

Utaona jambo ukijaza kadi za kutosha. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zina utangulizi mrefu na mwisho unaofifia. Nyimbo nyingi za sasa zinaingia kwenye kuimba haraka na kukatika ghafla. Hiyo peke yake inaeleza nusu ya matatizo ya kuchanganya zamani na mpya.

Angalizo: kwa Kenya, kanuni za utangazaji zinalinda muda wa saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, ambapo watoto wanahesabiwa kuwa miongoni mwa wasikilizaji. Tafuta toleo la redio la wimbo wenye matusi, kisha ulisikilize lote. Jina la faili likisema "safi" bado si ushahidi.

Hatua ya 3: Sawazisha sauti

Ukiruka hatua hii, mpangilio wote utaharibika hata kama umechagua nyimbo za dhahabu. Rekodi za tangu miaka ya 1990 zimebanwa ili zisikike kubwa muda wote. CD ya zamani ya albamu ya 1971 imeachwa na nafasi ya kupanda na kushuka. Tofauti ya desibeli 6 hadi 10 kati ya hizo mbili ni jambo la kawaida. Msikilizaji hajui lolote kuhusu desibeli. Anachojua ni kwamba ameongeza sauti kwa ajili ya wimbo wa zamani, kisha mpya umempigia kelele masikioni.

Fungua Audacity, nenda kwenye athari ya kusawazisha ukubwa wa sauti, na upitishe kila wimbo kwa kiwango kimoja cha LUFS, yaani kipimo cha jinsi sauti inavyosikika kubwa masikioni. Utangazaji wa Ulaya unatumia -23, kwa kiwango kinachoitwa EBU R 128. Redio nyingi za intaneti hukaa karibu na -16. Cha muhimu ni kimoja kwa maktaba nzima. Baki na faili la asili pembeni, usilifute.

Angalizo: shusha mpya ifuate ya zamani, usilazimishe ya zamani ipande ifikie mpya. Wimbo wa 1969 ukiusukuma juu kupita kiasi, ngoma zinapasuka na sauti inakwaruza.

Jambo jingine dogo ambalo wachache hulitaja. Rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1960 ziliweka waimbaji upande mmoja na ala upande wa pili. Za mwanzo za The Beatles ni mfano unaojulikana. Sasa mfikirie abiria ndani ya matatu aliyeweka spika moja tu sikioni, nyingine kampa rafiki. Anasikia besi na ngoma, mwimbaji hayupo. Tafuta toleo la mono la nyimbo hizo, yaani lenye sauti ileile pande zote mbili, au uzibadilishe mwenyewe kuwa mono. Toleo la mono lilitengenezwa kwa uangalifu zaidi wakati ule, na redioni lina nguvu.

Hatua ya 4: Hesabu saa yako

Chukua dakika 60. Toa habari dakika 3, matangazo 8, maongezi yako 5. Zimebaki 44. Kwa wastani wa dakika 4 kwa wimbo, una nyimbo 11. Kipindi chako kikiwa na mtangazaji mwenza anayependa kuongea, toa nyimbo mbili mapema badala ya kuzikatisha baadaye.

Kwa anayeanza, ningegawa 11 hizo hivi: 6 zinazojulikana, 2 za zamani zisizojulikana, 3 mpya. Si sheria. Baada ya miezi michache, hadhira ikishakuamini, unaweza kupunguza zinazojulikana hadi 4. Kuanzia nusu kwa nusu siku ya kwanza ni haraka mno. Watu hawajui bado kama ladha yako ni ya kuaminika.

Hatua ya 5: Weka nguzo kwanza

Kwenye karatasi, andika nafasi 11. Jaza kwanza nafasi hizi kwa nyimbo zinazojulikana: ya kwanza kabisa, ya kwanza baada ya kila mapumziko ya matangazo, na ya mwisho. Hapo ndipo watu wanapowasha redio au kuamua kuhama. Mtu aliyevumilia matangazo matatu ya sabuni anastahili rifu anayoijua, yaani kile kifungu cha gitaa kinachojirudia na kuubeba wimbo.

Kisha jaza katikati. Katika nusu saa ya kwanza usiweke nyimbo mbili ngeni mfululizo, iwe ni mpya au za zamani zisizojulikana. Nusu saa ya pili unaweza kuthubutu, kwa sababu aliyebaki mpaka hapo anakusikiliza kwa makusudi.

Nafasi bora kwa wimbo mpya unaoupenda sana ni ya pili au ya tatu baada ya mapumziko, ukitanguliwa na unaojulikana. Usiufiche mwisho wa kipindi. Ukiuamini, uweke mahali masikio yapo.

Hatua ya 6: Tengeneza maungio

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Maungio ni sekunde 20 za mwisho za wimbo mmoja na 20 za mwanzo za unaofuata. Kati ya wimbo wa zamani na mpya, tafuta kitu kimoja ambacho sikio linaweza kukishika na kuvuka nacho.

*Pigo.* "We Will Rock You" wa Queen (1977) unaanza na miguu na makofi, basi. "Do I Wanna Know?" wa Arctic Monkeys (2013) nao unaanza na pigo zito la namna hiyohiyo, na kasi zao zinakaribiana, mapigo 80 na ushee kwa dakika. Wa Queen unaisha kwa gitaa la Brian May linalokatika ghafla. Acha nusu sekunde ya kimya, kisha pigo la Arctic Monkeys liingie. Miaka 36 imepita katikati na hakuna anayeihisi. Lakini kuna mtego: kwenye albamu, "We Are the Champions" unafuata papo hapo, na shabiki wa Queen ameuzoea mfululizo huo tangu utotoni. Ukichelewa kuingiza wimbo wako, yeye atakuwa ameshaanza kuimba mwingine kichwani. Ingia haraka.

*Ala.* Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. "Seven Nation Army" wa The White Stripes (2003) unaanza na kile ambacho kila mtu anadhani ni gitaa la besi, kumbe ni gitaa la kawaida la Jack White lililoshushwa kwa pedali, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Ufuatishe na "Figure It Out" wa Royal Blood (2014), ambako mambo yamegeuzwa: unachodhani ni gitaa ni besi ya Mike Kerr iliyopandishwa kwa pedali. Bendi zote mbili ni za watu wawili tu. Kwa hiyo wimbo unaojulikana uwanjani kwenye mechi za mpira unamshika mkono ule ambao wengi hawaujui, na una sentensi moja nzuri ya kusema katikati.

*Mpigaji.* Jimi Hendrix alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Mdou Moctar wa Niger naye ni wa mkono wa kushoto, na albamu yake *Afrique Victime* ya 2021 ina gitaa linalowaka vilevile. Toka kwenye "Voodoo Child (Slight Return)" wa 1968, ingia "Chismiten". Msikilizaji anayedhani roki ni mali ya London na Los Angeles anapata jibu lake bila wewe kuhubiri.

*Ukoo.* Wimbo wa zamani usiojulikana unaweza kueleza unaojulikana. Kurt Cobain alisema waziwazi kwamba mtindo wa Nirvana wa kunong'ona kisha kulipuka aliuchukua kwa Pixies. Piga "Smells Like Teen Spirit" (1991), kisha wimbo wowote wa Pixies kutoka *Doolittle* (1989) wenye mtindo huo. Watu watasikia baba na mtoto kwa mpangilio wa kinyume, na ndio mpangilio sahihi, kwa sababu anayejulikana ndiye anayemtambulisha mwenzake.

*Bendi moja, zama mbili.* WITCH ya Zambia ilitoa *Lazy Bones!!* mwaka 1975. Mwaka 2023 mwimbaji wake, Emanuel "Jagari" Chanda, alirudi na albamu *Zango*. Linkin Park nao walirudi 2024 na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, miaka saba baada ya kifo cha Chester Bennington. Maungio ya namna hii yana nguvu ya kihisia, lakini yatumie kwa nadra, mara moja wimbo unapotoka au kwenye kumbukumbu. Ukipiga "In the End" na "The Emptiness Machine" wa 2024 pamoja kila wiki, unageuza kipindi kuwa mahakama ya nani mwimbaji bora.

*Mahali.* Afrika Mashariki ina cha kwake. Musi-O-Tunya ya Zambia ilipiga Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Nairobi leo ina bendi za panki kama Crystal Axis. Weka kimoja kando ya kingine na umeeleza historia ndani ya dakika 8. Duma, wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni jambo jingine. Ule ni muziki mkali kupita kiwango cha kawaida. Uweke usiku, baada ya kitu cha ukali wa 5, na mwambie msikilizaji ajiandae. Usiutupe baada ya wimbo wa mapenzi halafu uwalaumu watu kwa kuzima redio.

Ukikosa kabisa cha kuunganisha, usilazimishe. Weka sauti ya kutambulisha stesheni katikati, au ongea. Sauti ya mtu inafuta ladha ya wimbo uliopita na kumpa mpya uwanja wake.

Angalizo: usipandanishe mwisho unaofifia na mwanzo wenye mwimbaji. Wimbo wa zamani unapofifia kwa sekunde 15, mpya ukiingia juu yake na maneno papo hapo, utapata waimbaji wawili wanaogombana. Ama ukate wa zamani ukifika nusu ya kufifia, ama uongee juu ya kufifia kwake na kunyamaza kabla ya mpya.

Hatua ya 7: Tazama ukali

Soma safu ya ukali kutoka juu hadi chini. Ukiona 5-5-5-5, sikio litachoka na wimbo wa nne utasikika mdogo ingawa ndio mkubwa. Ukiona 2-2-2, watu watasinzia. Mfululizo unaopanda kwa hatua, mfano 3-4-5, kisha mapumziko, kisha 3 tena, unafanya kazi vizuri. Kutoka 5 kwenda 1 ghafla kunawezekana mara moja kwa saa, tena kukiwa na sababu.

Kumbuka ukali wa zamani na wa sasa haulingani. "Iron Man" wa Black Sabbath ulikuwa mzito kuliko karibu kila kitu mwaka 1970; kando ya metali ya leo unasikika mpole. Upe namba kwa unavyosikika sasa kwenye spika yako.

Hatua ya 8: Sikiliza maungio peke yake

Hutapata muda wa kusikiliza kipindi kizima kabla, na huna haja. Ruka moja kwa moja kwenye maungio kumi, kila moja sekunde 40. Fanya mara moja kwa hedifoni na mara moja kwa spika ya simu, ukiwa umesimama jikoni na maji yanachemka. Yale yanayokufanya ugeuze kichwa kwa mshtuko, yabadilishe. Mara nyingi kubadilishana nafasi za nyimbo mbili kunatosha.

Hatua ya 9: Andaa maneno

Wimbo unaojulikana hauhitaji utambulisho mrefu. Kila mtu anajua. Wimbo mgeni utambulishe kwa jina la bendi na wanakotoka, na baada ya kuisha litaje jina tena, taratibu, mara mbili. Hapo ndipo anayeupenda anapotafuta kalamu au simu. Kutaja mwanzoni tu ni kumnyima.

Habari moja kwa maungio inatosha. Kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 ni jambo la kujivunia, lakini wasikilizaji wetu wanalijua. Ukilisema kila mara Queen wanapopigwa, litapoteza utamu wake.

Kipindi kikiisha, hifadhi orodha ya ulichopiga kweli, siyo ulichopanga kupiga: jina la wimbo, msanii, mtunzi ukimjua, saa. Vyama vya hakimiliki vinaihitaji ili wasanii walipwe, na bendi ndogo ya Nairobi inastahili senti zake kama Queen wanavyostahili zao. Wewe nawe utaitumia kuzuia marudio. Unaojulikana upumzike wiki 4 angalau. Mpya unaouamini urudie wiki 3 mfululizo, kwenye nafasi tofauti, kwa sababu hakuna anayeushika wimbo kwa kuusikia mara moja.

Ikitokea shida

*Wanalalamika kwamba unapiga nyimbo wasizozijua.* Kabla ya kupunguza mpya, angalia zimekaa wapi. Karibu kila mara utakuta mbili zimefuatana, au moja imekaa mara tu baada ya matangazo. Zihamishe, sikiliza malalamiko wiki inayofuata, ndipo uamue kuhusu idadi.

*Wanalalamika kwamba ni zilezile.* Usiguse mpya. Badilisha zinazojulikana: bendi ileile, wimbo mwingine. Badala ya "Back in Black" wa AC/DC, chukua mwingine wa albamu hiyohiyo ya 1980. Sauti wanaijua, wimbo umepumua.

*Sauti inapanda na kushuka ingawa umesawazisha.* Huenda mtambo wa stesheni una kibano chake kinachosukuma vitu vitulivu juu. Ongea na fundi mitambo. Pia hakikisha huna matoleo mawili ya wimbo mmoja, la CD ya zamani na lililofanyiwa kazi upya, na programu inachagua lisilo sahihi.

*Muda umezidi na habari inakuja.* Usikate wimbo katikati ya kiitikio. Panga tangu mwanzo kwamba wimbo wa mwisho uwe na sehemu ndefu ya ala. "Hotel California" una takriban dakika 2 za magitaa mwishoni. Unaweza kuyashusha wakati wowote, ukaaga juu yake, ukamaliza kwa sekunde kamili. Hesabu kurudi nyuma: habari saa 3:00, wimbo una dakika 6 na nusu, basi ubonyeze saa 2 na dakika 54 hivi na ushushe panapohitajika.

*Muda umebaki.* Kaa na nyimbo mbili fupi pembeni, chini ya dakika 3. Nyimbo za miaka ya 1950 ni hazina hapa, "Johnny B. Goode" wa Chuck Berry (1958) una dakika 2 na sekunde 40 hivi na unakaa vizuri kabla au baada ya karibu kila kitu chenye gitaa.

*Simu za maombi zinavuruga mpangilio.* Acha nafasi moja tupu kwa maombi, ya 8 au ya 9. Mtu akiomba wimbo wa dakika 8 kama "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin, mwambie utampigia wiki ijayo, andika jina lake na wimbo kwenye jedwali la wiki ijayo papo hapo, kisha wiki ijayo umpigie.